Bakuli la Tatu la Lowell

Ardis Wendling hakuwa mtu wa wivu, na yeyote ambaye angethubutu kusema kinyume angejibiwa kwa Maandiko. Kwa miaka arobaini na moja ya ndoa hakuwahi kupekua mfuko wa koti la mumewe, hakuwahi kuuliza alikuwa na nani, wala hakumnunia mwanamke yeyote kanisani kwa sababu ya gauni au gari. Sasa, akiwa na miaka sitini na saba na goti bovu, wivu ulimshika kwa mara ya kwanza, na ulimshika kama surua inavyomshika mtu mzima, vibaya kuliko inavyomshika mtoto. Tena haukuja kwa sababu ya mwanamke, hilo aliliapia. Ulikuja kwa sababu ya chungu cha supu.

Chungu chenyewe kilikuwa cha umeme, kile kizito kinachopika polepole: unatia vitu asubuhi, unafunika, unakwenda zako, jioni unakuta chakula. Kila nyumba ya Wasabato wa Alder Creek ilikuwa nacho, na nyingine zilikuwa navyo vitatu. Jumamosi ya pili ya kila mwezi vililetwa kanisani vikiwa vimezungushiwa mataulo ili visimwage, vikapangwa kwenye meza ndefu ya ukumbi wa chini, kila kimoja na jina la mwenyewe, kisha vikaachwa vikinong'ona huku watu wako juu wanasali. Nyama haikuwahi kuingia ukumbini humo. Na chakula kilitakiwa kiwe kimepikwa Ijumaa, kabla jua halijazama. Sabato ilikuwa ya kupasha moto tu. Wengine siku hizi walilegeza, wakajifanya hawajui jua linazama saa ngapi. Ardis hakulegeza. Mama yake alimlea hivyo, na mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuwasha jiko siku ya Sabato.

Supu yake ya adesi ilikuwa na jina mpaka makanisa ya jirani. Alikuwa ameiboresha miaka nenda miaka rudi. Mwaka mmoja aliongeza siagi, mwaka mwingine jibini, baadaye krimu, baadaye tena mayai ya kuchemsha yaliyokatwa vipande, hadi adesi zenyewe zikawa kama wageni kwenye harusi yao. Chungu chake kilikaa kichwani mwa meza, pale foleni inapoanzia, na hakuna aliyekumbuka kama kiliwahi kukaa pengine.

Kisha mwezi wa nane Lowell, mumewe, dereva wa basi la shule aliyestaafu, akapasuliwa moyo. Alitoka hospitali na mshono kifuani na karatasi ya masharti mkononi: siagi hapana, jibini hapana, krimu hapana, mayai hapana, na chochote kingine kilichotoka kwa mnyama, hapana. Ardis aliisoma karatasi ile mara mbili akiwa amesimama. Akaenda jikoni, akatoa kwenye supu yake kila kilichokatazwa, na kilichobaki kilikuwa maji ya kahawia.

Lowell aliyanywa vijiko sita. "Nzuri," alisema, akalisogeza bakuli kando kwa adabu.

Hakuwa mtu wa kulalamika, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Mtu anayelalamika unajua umpe nini. Lowell alisema nzuri kwa supu, nzuri kwa maharage, nzuri kwa viazi visivyo na siagi, na kila wiki alizidi kukonda, hadi akatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari. Kabla ya kulala Ardis alimtazama akivua shati na kuhesabu mbavu. Daktari aliwaambia moyo sasa uko sawa, kilichobaki ni mgonjwa ale. Mgonjwa ale! Ardis alikuwa amemlisha mtu yule kwa miaka arobaini na moja, na hiyo ndiyo lugha pekee waliyokuwa wakizungumza bila kuchoka. Sasa alipika na Lowell hali, na nyumba ikawa kimya kwa namna ambayo redio haikuweza kuisaidia.

Ndipo akaja Corinne Tasker.

Alikuwa msusi, wa miaka arobaini na minane, mwenye nywele za rangi ya shaba ambazo Mungu hakuzipa rangi hiyo, na cheko lililosikika hadi maegesho. Mume alimwacha huko Tennessee; shangazi yake marehemu alimwachia nyumba hapa mjini; na mwezi wa nne alibatizwa, akatoka majini akicheka vilevile. Mwezi wa tisa alileta chungu chake cha kwanza kwenye chakula cha pamoja. Supu ya adesi. Katika vyakula vyote vya dunia, supu ya adesi. Aliiweka mwisho wa meza, karibu na sahani chafu, kama mtu anayeomba radhi.

Lowell alichukua bakuli moja kwa heshima ya mgeni. Akarudi kuchukua la pili. Ardis alidhani macho yanamdanganya. Alipoinuka mara ya tatu, hata hakujisingizia kwamba anafuata mkate. Alikwenda moja kwa moja, akasimama mbele ya chungu cha msusi, akajichotea mpaka ukingoni, na aliporudi alilila lote na kulifuta kwa kipande cha mkate hadi likang'aa. Mashavu yake yalikuwa yamepata rangi tena. Ardis alipaswa kupiga magoti na kushukuru. Badala yake kitu cha moto kilimpanda kutoka tumboni hadi kooni, na kikakaa hapo.

"Mabakuli matatu," alimwambia kwenye gari wakirudi.

"Kumbe ulikuwa unahesabu?"

"Nilikuwa nimekaa mbele yako, Lowell. Mimi si kipofu."

Lowell alitazama nje ya dirisha, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kukatwa. Alisema hajui ile supu ina nini, ila inampeleka mahali.

"Inakupeleka wapi?"

"Ukiionja utajua."

"Siionji," alisema Ardis, na kweli hakuionja. Mwezi wa tisa hakuionja, mwezi wa kumi hakuionja, ingawa watu wote waliionja na kuisifu mbele yake, wengine kwa makusudi. Corinne aliposifiwa alipunga mkono na kusema yeye kupika hajui, kafuata tu kitabu cha zamani. Ardis aliwajua wapishi wa namna hiyo. Mpishi akisema ni kitabu tu, ujue kuna kitu anaficha.

Nyumbani alianza vita. Alijaribu adesi nyekundu, za kijani, nyeusi. Alijaribu tui la nazi, bizari, chumvi yenye ladha ya moshi iliyokuja kwa posta. Aliamka alfajiri kukata karoti vipande vidogo kama meno ya mtoto. Kutengeneza kitu kifanane na kingine ambacho hujakionja ni kazi ya kichaa, na alijua, lakini kiburi nacho kina kazi zake. Lowell alikula nusu ya kila kilicholetwa. Nzuri, alisema. Ikafika mahali Ardis akisikia neno hilo, hata likisemwa juu ya hali ya hewa, meno yanamuuma.

Na lile neno jingine nalo lilimla: inanipeleka mahali. Mahali gani? Kwa nani? Mwanamume wa miaka sabini mwenye mshono kifuani, anapelekwa wapi na supu ya mwanamke wa nywele za shaba? Alijicheka kwa kuwaza hivyo, na baada ya kujicheka aliendelea kuwaza.

Sabato ya pili ya mwezi wa kumi na moja theluji ya kwanza ilianguka. Lowell, ambaye alikuwa shemasi, aliwahi kanisani kufagia ngazi, na Ardis akateremka ukumbini na chungu chake mikononi. Lavonne Striker, msimamizi wa meza, alikuwa tayari anapanga vijiko. Lavonne alikuwa na ulimi ambao kanisa zima lilishauombea bila mafanikio.

Kichwani mwa meza palikuwa na chungu kingine. Karatasi yake iliandikwa Corinne T.

"Chako nimekitafutia nafasi kule, karibu na mkate," alisema Lavonne bila kuinua kichwa. "Cha Corinne foleni yake ndefu, kikikaa mwisho watu wanagongana. Usininunie, Dada Ardis. Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

Ardis alijibu kwamba hanuni. Alikipeleka chungu chake karibu na mkate, akachomeka waya, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. Lavonne alipopanda juu kwa ajili ya Shule ya Sabato, Ardis alibaki. Wimbo wa kufungulia ulianza juu ya kichwa chake, miguu ikasikika sakafuni, na sauti ya Lowell, ya chini na isiyopata noti, akaitambua kati ya zote.

Alikwenda hadi kichwani mwa meza. Alitaka kuona tu. Aliinua kifuniko.

Mvuke kidogo, halafu karoti. Karoti zilikuwa bado ngumu, zimekaa juu kama zimetoka sokoni. Alichukua kijiko, akachota adesi moja, akaibonyeza kwa ukucha. Haikubonyea. Akatazama kitufe cha kuzungusha: kilikuwa kwenye moto mkubwa. Basi hiki hakikuwa kinapashwa. Kilikuwa kinapikwa. Corinne, aliyekuwa na ufunguo kwa kuwa yeye ndiye aliyepiga piano na kuja kujizoeza mapema, alikuja hapa saa mbili asubuhi ya siku takatifu, akamimina vitu vibichi, akawasha.

Ningependa kusema Ardis alisikitika. Alifurahi. Alifurahi furaha ya mtu aliyetafuta ufa kwenye ukuta wa jirani kwa miezi mitatu na hatimaye ameupata. Kumbe! Yeye anahangaika Ijumaa nzima na goti lake, anashindana na jua, na huyu anapika Sabato, katika nyumba ya Bwana, halafu anapewa kichwa cha meza. Aliyahesabu maneno ya amri ya nne moja baada ya jingine, na kila neno likampa haki. Halafu mkono wake, mkono uleule ulioshona vitambaa vya meza ya ushirika, ukakizungusha kitufe kutoka moto mkubwa hadi zima.

Kitufe kililia ka! Ardis akafunika kifuniko, akapangusa alama za vidole, akapanda ngazi kwenda kumsifu Mungu.

Hakulisikia fungu la somo. Katika ibada kuu alikaa katikati ya benchi, Lowell kulia kwake, familia ya watu sita kushoto, na mhubiri akihubiri juu ya subira. Corinne alikuwa kwenye piano, mgongo ukiwa umenyooka, akijua kwamba chini kuna kitu kinamwivia. Ardis aliutazama mgongo ule na kuhesabu dakika. Kila dakika adesi zinapoa, na kila dakika zinapopoa yeye anapata nafuu. Ndivyo alivyotarajia. Nafuu haikuja.

Mahubiri yalipokaribia mwisho Lowell alimwinamia sikioni. Alinukia sabuni na baridi ya nje.

"Unajua nina njaa?" alinong'ona.

Ardis alimgeukia.

"Njaa ya kweli. Tumbo linalia. Tangu hospitali sijawahi." Alitabasamu kama mtoto aliyeng'oka jino, akajishika tumbo, akarudi kumsikiliza mhubiri.

Hapo alikuwa na nafasi. Zilibaki dakika ishirini, labda ishirini na tano. Angeweza kuwaomba watu sita wapishe miguu, ateremke, awashe. Isingeiva, lakini ingekuwa ya moto, na mtu mwenye njaa husamehe mengi. Alishika hata mkoba. Kisha aliwaza nani mwenye njaa hii na ya chakula cha nani, na ule moto wa kooni ukamkalisha tena. Lowell alikuwa na njaa kwa mara ya kwanza tangu kisu kimpite kifuani, na njaa yenyewe haikuwa ya mkewe. Akaweka mkoba chini. Hayo ndiyo aliyoyafanya, na hakuna namna ya kuyasimulia yakawa mazuri.

Saa sita na nusu foleni ilianza. Mzee wa kanisa aliomba ombi fupi, watu wakashukuru kwa ufupi wake, wakasogea. Lowell alikuwa wa tatu kwenye mstari na bakuli lake kifuani. Ardis alijifanya anakata mkate.

Alimwona akikaa, akichota, akitia mdomoni. Aliusikia mgongano wa meno, au alidhani ameusikia. Lowell alitafuna kwa muda mrefu, akameza kwa shida, akachota tena kidogo kuhakikisha, kisha akaweka kijiko na kulifunika bakuli kwa karatasi ya kufutia mikono, taratibu, ili mpishi asione. Mikono yake ikabaki juu ya meza haina kazi.

Lavonne hakuwa na adabu hiyo. "Dada Corinne," aliita mezani kote kusikie, "hizi ni adesi au kokoto? Mimi meno yangu haya bado nayalipia." Watu wakacheka, si kwa ubaya sana. Kijana mmoja akasema ndiyo maana kinaitwa chungu cha polepole, supu itaiva mwezi ujao. Wakacheka zaidi.

Corinne alikuja mbio na kijiko, akaonja, akakitazama kitufe. Cheko lake halikutoka. "Niliwasha," alisema. "Niliwasha saa mbili. Nina hakika." Akatazama tena. "Nilidhani niliwasha." Akakikumbatia chungu pamoja na waya wake unaoburuta, akakipeleka jikoni, na shingo yake yote ilikuwa nyekundu hadi masikioni.

Ardis alimpelekea mumewe bakuli la supu yake mwenyewe, ya moto, iliyopikwa kihalali kabla jua halijazama. Lowell alishukuru. Alikula vijiko viwili. "Nzuri," alisema. Alikula kipande cha mkate mkavu, akanywa maji, akasema atakwenda juu kuchukua koti, gari lipate moto. Alipoinuka alishika meza, na mkanda wake ulikuwa kwenye lile tundu la msumari, na suruali bado inapwaya.

Basi alikuwa ameshinda. Alikaa na ushindi wake mbele ya mabakuli mawili, moja lililofunikwa na jingine lililoachwa, na akaona vizuri alichokuwa amefanya: alikuwa amemnyang'anya mumewe chakula mdomoni. Hakumnyang'anya Corinne chochote. Corinne alikuwa na mwili wa kutosha.

Aliinuka akaenda jikoni, bila kujua anakwenda kusema nini.

Corinne alikuwa amesimama mbele ya chungu, macho mekundu, na kitabu kimefunguliwa juu ya kaunta. Alipomwona aliyeingia alijifuta kwa kiwiko. Kati ya watu wote, alisema, ni afadhali amekuja yeye, maana ndiye anayejua kupika hapa.

"Nimefuata kitabu neno kwa neno, kama siku zote. Nakata Alhamisi usiku, maana Ijumaa saluni hainiachii mpaka saa moja. Sasa sijui nazeeka, sijui ni nini. Hebu nitazamie. Nimekosea wapi?"

Alikisukuma kitabu mbele ya Ardis. Kilikuwa chembamba, cha jalada la rangi ya chungwa, kilichofungwa kwa waya wa kuzunguka, kurasa zimepigwa taipu na kuchapwa kwa wino unaopauka. *Mapishi ya Akina Mama na Vijana wa Alder Creek, 1981.* Corinne alikikuta kwenye kabati la shangazi yake. Ardis alikijua kabla hajasoma jalada. Nakala yake iliharibika mafuriko yalipoingia stoo, miaka mingi iliyopita, na hakuikumbuka tena.

Ukurasa ulikuwa na madoa ya nyanya. *Supu Rahisi ya Adesi, ya chungu cha umeme.* Vikombe viwili vya adesi, vinane vya maji. Karoti, kitunguu, vitunguu saumu vitatu, nyanya za kopo, chumvi. Tia vyote vibichi, funika, usifunuefunue. Mwishoni, kamulia limau zima. Usiogope, limau zima. Na chini kabisa, mwandishi alikuwa ameongeza: *Pika Ijumaa. Kama Ijumaa imekushinda, washa asubuhi uende kanisani. Mungu anaijua ratiba yako.*

Halafu jina: *A. M. Kolb, Vijana.*

Ardis alichukua kijiko, akachota mchuzi ule wa uvuguvugu, akauonja kwa mara ya kwanza. Adesi zilikuwa mbichi, lakini limau lilikuwepo, Corinne alikuwa amelikamua haraka foleni ilipoanza, bila kuangalia ndani, na nyanya zilikuwepo, na vitunguu saumu. Ukampeleka mahali. Ulimpeleka chumba cha juu ya duka la viatu, dirisha lisilofungika, msichana wa miaka ishirini na minne asiye na hela ya siagi, na dereva kijana wa basi aliyekalia ndoo kwa sababu kiti kilikuwa kimoja, akiomba bakuli la tatu.

Wivu haukumtoka. Ulihama tu, ukaenda kumkalia msichana yule. Alimwonea wivu kwa mikono yake myepesi na kwa yale maneno ya mwisho, ambayo yeye wa leo asingeyaandika hata kwa kulazimishwa.

"Labda ulimjua," alisema Corinne. "Huyo Kolb. Nimeuliza wawili watatu, hakuna anayemkumbuka. Nilitaka kumshukuru."

"Nilimjua."

"Alikuwaje?"

Ardis alifunga kitabu, akakifungua tena palepale. "Asingezima chungu cha mtu," alisema.

Corinne aligeukia chungu. Alikitazama kitufe, akaitazama mikono ya Ardis. Shingo ikaanza kuwa nyekundu upya, safari hii kwa sababu nyingine.

"Ni wewe?"

"Ndiyo. Saa tatu na nusu, watu walipokuwa wanaimba. Nilijiambia ni kwa ajili ya Sabato. Haikuwa kwa ajili ya Sabato. Lowell anakula yako na yangu hali." Kisha, kwa sababu mengine yalikuwa yametoka na hili lisingeweza kubaki peke yake ndani: "Na Kolb pia ni mimi. Kabla sijaolewa."

Corinne alikaa kwenye kiti cha jikoni. Alikuwa na haki ya kusema mengi, na Ardis alisimama kuyapokea. Corinne akasema, "Umenifanya nichekwe na kanisa zima kwa supu yako mwenyewe."

"Nitawaambia. Lavonne kwanza, ndipo itafika kila mahali kabla ya jioni."

"Utawaambia," alikubali Corinne, na hakutabasamu. "Nami leo sitakuambia yamekwisha, Dada Ardis. Labda mwezi ujao." Akachomeka waya ukutani, akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono. "Kuwasha, washa mwenyewe."

Ilikuwa Sabato, saa saba mchana. Ardis Wendling alinyoosha mkono na kukizungusha kitufe hadi moto mkubwa.

Lowell alikuwa juu mlangoni, amevaa koti na kofia, anatazama theluji. Alimwambia mkewe gari limeshapata moto.

"Kalizime. Tunangoja."

"Tunangoja nini?"

"Supu. Haikuharibika, ilizimwa. Nimeiwasha tena."

Lowell alimtazama. Alikuwa mtu wa kuelewa mambo polepole na kwa ukamilifu. "Umewasha," alisema. "Leo."

"Leo."

"Na umeionja?"

"Nimeionja." Alimsogelea. "Mbona hukuniambia, Lowell? Miezi mitatu."

"Nikuambie nini? Kwamba yule binti Kolb anakushinda kupika? Ningelala wapi?" Alivua kofia, akaanza kufungua vifungo vya koti. "Nilikuwa nangoja uionje. Nikaanza kuogopa kiburi chako kitanizika kwanza."

Walikaa ukumbini hadi watu wote wakaondoka, viti vikakunjwa, na Lavonne akawa ameambiwa na kuishiwa maneno kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Saa tisa Corinne alileta chungu mezani, akaweka mabakuli matatu, akakaa ng'ambo ya meza bila kusema na Ardis. Lowell alikula la kwanza bila kuinua kichwa. Alikula la pili. La tatu alilijaza mpaka ukingoni, akalisogeza mbele ya mkewe, akampa kijiko chake.